Mwongozo kamili: jinsi ya kujua kama hewa ya kipupwe imekwama, na kuifuatilia mpaka iachie

Kila kipupwe kikiingia kwenye latitudo za kati na za juu swali ni lile lile: hii baridi inayong'ata, au hili joto lisilo la msimu, au hii mvua isiyokata, ni ya siku chache tu au imeshapiga kambi? Wengi wanajibu kwa kuangalia kipimajoto, na mi naamini hapo ndo wanapopotea, kwa sababu kipimajoto kinakwambia ukali, muda hakikwambii. Na muda ndo kila kitu hapa. Wiki moja ya baridi kali inaweza kuletwa na bonde moja tu la hewa linalopita zake kwenda mashariki, lakini miezi miwili ya baridi hata kama si kali sana inamaanisha kuna kitu kikubwa kimesimama pale juu na hakiondoki. Mwongozo huu ni wa hicho cha pili: namna ya kukiona kwenye ramani, kukipima, kutafuta kinachokishikilia, na kujua lini kimeachia. Huhitaji digrii wala kompyuta kubwa, na data zenyewe nyingi ni za bure.

Kwanza elewa hewa ikiwa sawa inafanyaje

Hewa ya kipupwe kwa kawaida inatembea. Kati ya latitudo 30 na 60 upepo wa juu unavuma toka magharibi kwenda mashariki, na ndani yake kuna mkondo wa jeti, kama kilomita 9 hadi 12 juu ya vichwa vyetu, ambao wakati wa kipupwe unavuka kilomita 200 kwa saa mara nyingi tu kwa sababu msimu huo ndo tofauti ya joto kati ya ncha na tropiki inakuwa kubwa zaidi. Mkondo huo haunyooki, unajipinda kama mto kwenye tambarare. Unapopanda kuelekea ncha tunasema kuna mgongo, hapo mara nyingi kukavu na kumetulia, na unaposhuka kuelekea ikweta ni bonde, hapo kuna baridi na dhoruba.

Mwaka 1939 mtaalamu wa hali ya hewa Carl-Gustaf Rossby alionyesha jambo ambalo ukilishika mengine yote yanakuwa mepesi. Mawimbi mafupi ya hewa yanasukumwa mashariki haraka, marefu yanakwenda polepole, na kuna urefu fulani ambao wimbi likiufikia linasimama palepale, likizidi hapo linaanza hata kurudi magharibi. Urefu huo unategemea kasi ya upepo wenyewe. Kwa hiyo hewa kukwama si muujiza wala si kosa la vipimo, ni kitu kinachoruhusiwa na fizikia ya sayari inayozunguka, na milima mikubwa pamoja na mipaka ya bahari na nchi kavu inasaidia wimbi kupenda sehemu fulani kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: acha ramani ya ardhini, nenda hektopaskali 500

Ramani ya mgandamizo usawa wa bahari inavurugwa na kila kidhoruba kinachopita. We tafuta ramani ya urefu wa hektopaskali 500, yaani inakuonyesha ni mita ngapi juu ndo unakuta mgandamizo wa hektopaskali 500, ambao ni kama nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kwa wastani ni kilomita 5.5 hivi, karibu na ncha wakati wa kipupwe inashuka hadi kama mita 5,000, na tropiki inakaa juu kidogo ya 5,800. Hewa ya joto inavimba kwa hiyo namba inapanda, hewa baridi inasinyaa namba inashuka, na upepo unafuata ile mistari. Ramani moja inakupa joto na upepo kwa pamoja, ndo maana wanaofuatilia mambo haya wanaanzia hapo.

Data utazipata kwenye ERA5, kumbukumbu za hewa ya dunia nzima za ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, inaanzia mwaka 1940 ikiwa na gridi ya nyuzi 0.25, unafungua akaunti ya bure kwenye ghala la data la Copernicus na siku za karibuni zinaingia kwa kuchelewa siku 5 hivi. Kama kuandika programu za kompyuta si kazi yako tumia ile ya zamani ya NCEP/NCAR inayoanzia 1948, gridi yake ni nyuzi 2.5, kubwa sana kwa dhoruba ila kwa mawimbi haya makubwa inatosha kabisa, na maabara ya PSL ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, ina ukurasa unaochagua tarehe tu na ramani inajichora.

Hatua ya pili: toa wastani, na hapa uwe makini

Ramani tupu haikwambii kama kitu si cha kawaida. Unachukua wastani wa kipindi cha siku, tuseme siku 5 kwanza halafu 30, unatoa wastani wa miaka 30 wa tarehe hizohizo, siku hizi wengi wanatumia 1991 hadi 2020, na kinachobaki ndo mkengeuko. Kizuizi kikubwa cha kipupwe, yaani mgongo uliosimama ukaziba njia ya upepo wa magharibi, kinaweza kuonyesha mita 200 hadi 300 juu ya wastani pale katikati yake, ukiona hivyo kwenye ramani ya siku moja sawa, inatokea, lakini ukiiona namba kubwa bado imebaki kwenye wastani wa siku 30 hapo kaa vizuri kwenye kiti.

Sasa tahadhari ambayo naona watu wengi wanairuka. Dunia inapata joto, na hewa ikipata joto inavimba, kwa hiyo mita za hektopaskali 500 zinapanda karibu kila mahali kadiri miaka inavyokwenda. Ukilinganisha kipupwe cha juzi na wastani wa zamani kila sehemu itaonekana nyekundu, yaani juu ya wastani, na utadhani umezungukwa na migongo. Dawa yake ni rahisi, chukua mkengeuko wa wastani wa latitudo 20 hadi 90 nzima uutoe kwenye kila pointi, kinachobaki ni umbo la mzunguko, bila ule mpando wa jumla. Mi nafanya hivi kila mara na inashangaza vile migongo mingine inavyoyeyuka ikabaki michache ya kweli.

Hatua ya tatu: hesabu siku, na uhesabu kwa haki

Chora mchoro wa Hovmöller. Jina ni la Ernest Hovmöller aliyeutoa mwaka 1949 na ni mchoro mzuri kupita kiasi kwa kazi hii: longitudo unaziweka kwa mlalo, siku unazipanga kwa wima, afu unapaka rangi mkengeuko wa hektopaskali 500 uliowastanishwa tuseme kati ya latitudo 40 na 60. Mawimbi yanayotembea yanatoka kama mistari iliyolala mshazari, mmoja baada ya mwingine. Hewa iliyokwama inatoka kama nguzo zimesimama wima, nyekundu, bluu, nyekundu, siku hadi siku, huwezi kuikosa hata kwa macho. Ukiona nguzo imepita siku 5 hicho ni kizuizi cha kawaida, hutokea kila kipupwe. Ikipita siku 20 anza kuandika. Ikipita miezi miwili uko kwenye vipupwe ambavyo vinatajwa miaka mingi baadaye.

Haki ya kuhesabu ni hii. Siku 90 za kipupwe si vipimo 90 vinavyojitegemea, kwa sababu leo inafanana na jana, na mzunguko wa Atlantiki ya Kaskazini kwa mfano kumbukumbu yake inakaa kama siku 10. Kwa hiyo ndani ya kipupwe kizima una vipimo vichache sana vya kweli, pengine havifiki hata 10, na mtu akikuletea hesabu kwamba tukio fulani lilikuwa na nafasi moja kwa maelfu akiwa amehesabu kila siku kivyake, hesabu hiyo haisimami.

Hatua ya nne: pima kama ni kizuizi hasa

Si kila kilichokwama ni kizuizi. Daniel Rex ndiye aliyeweka maelezo ya vizuizi vizuri mwaka 1950, na kuna maumbo mawili ya kukariri: moja ni mgandamizo mkubwa umekaa kaskazini na mdogo umekaa kusini yake, kama kitu kimegeuzwa juu chini, lingine linafanana na herufi ya Kigiriki omega, mgongo mmoja mnene katikati na mabonde mawili pembeni.

Kipimo chenyewe walikitoa Tibaldi na Molteni mwaka 1990 na unaweza kukifanya kwa karatasi na kalamu. Chagua longitudo moja, soma urefu wa hektopaskali 500 kwenye latitudo 40, 60 na 80. Siku ya kawaida namba zinashuka unavyokwenda kaskazini, na huo mteremko ndo unaoleta upepo wa magharibi. Sasa toa namba ya 40 kwenye namba ya 60 ugawanye kwa 20. Jibu likiwa juu ya sifuri maana yake mteremko umegeuka na upepo hapo unatoka mashariki. Halafu toa namba ya 60 kwenye ya 80, gawanya kwa 20, jibu liwe chini ya -10, hiyo inahakikisha upepo wa magharibi upo bado ila umesukumwa ukapita kaskazini ya kizuizi. Tuseme umesoma 5,480 kwenye latitudo 40, 5,560 kwenye 60 na 5,200 kwenye 80: la kwanza linatoka 4, la pili -18, longitudo hiyo imezibwa. Wenyewe wanaruhusu kusogeza hizo latitudo nyuzi 4 juu au chini kwa sababu kizuizi hakipangi kukaa kwenye 60 kamili. Rudia kwa longitudo za jirani, zikiwa zimezibwa kadhaa mfululizo na kwa siku 5 au zaidi, basi una kizuizi.

Lakini kuna hewa inayokwama bila kugeuza mteremko, na kipimo hiki kitaikosa, mfano mgongo mpana tu wenye upepo wa magharibi unaoendelea juu yake. Ndo maana sipendi mtu aanze na kipimo kabla ya Hovmöller. Jicho kwanza, namba baadaye.

Hatua ya tano: indeksi, kwa kiasi

Kituo cha CPC cha NOAA kinatoa kila siku indeksi, yaani namba moja inayojumlisha hali ya mzunguko wa eneo zima, za msukosuko wa Aktiki, wa Atlantiki ya Kaskazini, na wa Pasifiki na Amerika Kaskazini, kumbukumbu zinarudi hadi 1950. Hasi kwenye Aktiki ina maana mgandamizo umepanda kule nchani, mkondo wa jeti umelegea na kushuka kusini, baridi inamwagika. Chanya ina maana baridi imefungiwa kule juu na dhoruba zinakimbia moja kwa moja.

Angalia wastani wa mwezi na uangalie mfululizo. Kipupwe cha 2009 kuingia 2010 indeksi ya Aktiki ilikuwa -3.41 Desemba, -2.59 Januari, halafu -4.27 Februari. Miezi mitatu! Mwezi mmoja wenye -3 peke yake ni tukio, mitatu mfululizo ni mzunguko mzima uliobadilika. Na upande wa pili upo vilevile ingawa hauzungumzwi sana, mwaka 2020 Januari ilikuwa +2.42, Februari +3.42 na Machi +2.64, Ulaya ikapata kipupwe chenye joto kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa mpaka wakati huo, na Uingereza ikapata Februari yenye mvua nyingi kuliko zote kwenye rekodi zake. Hewa iliyokwama haina lazima ilete theluji.

Hatua ya sita: panda juu, stratosfia

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Juu ya ncha, kama kilomita 30, kwenye stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya hili lenye mawingu na dhoruba, kila kipupwe kunakuwa na vorteksi, mzunguko mkubwa wa upepo wa magharibi kwenye giza la kule. Mwaka 1952 Richard Scherhag akiwa Berlin aligundua kwamba joto la kule juu linaweza kuruka nyuzi makumi kwa siku chache tu, mawimbi makubwa kutoka chini yanapanda, yanavunjika kule na kuurudisha nyuma ule upepo. Wanaita kupashwa joto kwa ghafla kwa stratosfia. Kipimo chake ni kimoja: wastani wa upepo wa magharibi kuzunguka latitudo 60 kwenye hektopaskali 10. Ukishuka chini ya sifuri, ukageuka wa mashariki katikati ya kipupwe, ni tukio kubwa, na hutokea kama mara 6 kwa miaka 10.

Kwa nini unahusika na hewa iliyokwama huku chini? Kwa sababu stratosfia inasahau polepole. Baldwin na Dunkerton walionyesha mwaka 2001 kwamba vorteksi ikivurugika sana, indeksi ya Aktiki chini huelekea kubaki upande mmoja kwa muda unaofika hadi siku 60. Februari 12 mwaka 2018 upepo uligeuka, na mwisho wa mwezi baridi ya Siberia ikaingia Ulaya kutoka mashariki huku Hispania na Ureno zilizokuwa na ukame zikaanza kunyeshewa sana mwezi Machi.

Ila usikimbilie kutangaza. Sio kila tukio linashuka, kama theluthi mbili tu ndo yanaonekana wazi chini, na lile la mwanzoni mwa Januari 2019 lilikuwa la nguvu kweli kule juu lakini indeksi ya Aktiki huku chini haikuzama kama watu walivyotarajia. Kwa hiyo chora mkengeuko wa urefu juu ya ncha kuanzia hektopaskali 10 hadi 1000, yaani toka stratosfia hadi ardhini, siku kwa siku, angalia kama rangi inateremka kama rangi inayochuruzika ukutani, ikiishia hektopaskali 100 bado ni habari za stratosfia tu.

Hatua ya saba: shuka tropiki

Kinachoshikilia wimbi la kipupwe mara nyingi kipo mbali, kwenye mawingu mazito ya tropiki, kwa sababu joto linaloachiwa na mvua kule linarusha mawimbi hadi latitudo za juu. Angalia mambo matatu. El Niño na La Niña, joto la maji likiwa nusu nyuzi juu au chini ya wastani kwenye eneo la kati la Pasifiki ya ikweta ndo mstari unaotumika, na hivi vinakaa miezi kwa hiyo vinaweza kushikilia kitu kwa miezi. Msukosuko wa Madden na Julian, walioueleza mwaka 1971, yaani kundi kubwa la mawingu na mvua linalotembea kuelekea mashariki kwenye tropiki, huu unazunguka kwa siku 30 hadi 60, kwa hiyo ukiona nguzo yako kwenye Hovmöller inazimika na kuwaka kila baada ya wiki kadhaa mshukiwa ni huyo. Na upepo wa stratosfia juu ya ikweta unaogeuka kila miezi 28 hivi, ukiwa wa mashariki vorteksi ya ncha huelekea kuwa dhaifu, Holton na Tan walilionyesha mwaka 1980. Kipupwe cha 2009 na 2010 kilikuwa na El Niño na upepo huo wa mashariki kwa pamoja.

Kuhusu barafu ya Aktiki inayopungua kuufanya mkondo wa jeti uyumbe zaidi, Francis na Vavrus walilisukuma wazo hilo mwaka 2012 na bado wanasayansi wanabishana. Msimamo wangu ni kwamba kipupwe kimoja hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha, kwa hiyo kwenye uchambuzi wa tukio moja mi siliweki kwenye orodha ya sababu.

Hatua ya nane: tafuta upande wa pili wa wimbi

Wimbi haliko peke yake. Ukipata mgongo, tafuta mabonde yake, maana watu wa sehemu moja wakisema kipupwe hiki hakijawahi kutokea, kuna wa sehemu nyingine wanasema hivyohivyo kwa sababu iliyo kinyume. Hicho kipupwe cha 2009 na 2010 kilichoizika Washington kwenye theluji mwezi Februari ndicho kilichoipa Kanada joto kubwa kuliko vipupwe vyote tangu 1948 mpaka wakati huo, na huko Vancouver kwenye Olimpiki walilazimika kubeba theluji kutoka kwingine.

Mfano bora zaidi kwangu ni 2013 na 2014. Mgongo ulisimama Pasifiki ya kaskazini mashariki ukazisukuma dhoruba mbali na California, mwaka 2013 ukawa mkavu kuliko wote kwenye rekodi za jimbo hilo, mkondo wa jeti ukapanda kuelekea Alaska kisha ukateremka katikati na mashariki ya Amerika Kaskazini ukiwa na baridi ya Aktiki, baridi hiyo ikakutana na bahari ya joto kando ya pwani, jeti ya Atlantiki ikapata nguvu, na dhoruba zikapigwa mfululizo hadi Uingereza ambako mvua ya kipupwe kwa England na Wales ilivunja rekodi inayoanzia 1766. Ukame, baridi na mafuriko, wimbi moja. Ukichambua mji wako tu utaeleza theluthi ya hadithi.

Kwa walio nusu ya kusini ya dunia hatua ni zilezile, miezi tu ndo inakuwa Juni hadi Agosti, na kipimo cha kizuizi unakigeuza. Bahari inatawala kule kwa hiyo vorteksi ni imara zaidi, upepo wake umewahi kugeuka kabisa kabla ya msimu kuisha mara moja tu, Septemba 2002.

Hatua ya tisa: utabiri, na kuamua lini imeisha

Usitumie ramani moja ya utabiri kupita siku 7. Tumia kundi, ECMWF tangu Juni 2023 wanaendesha utabiri 101 kila siku kwenda mbele siku 46, we angalia ni wangapi bado wana mgongo wako pale pale na wangapi wameuvunja. Na ukumbuke udhaifu unaojulikana wa modeli za kompyuta zinazotoa utabiri, zinapenda kurudisha upepo wa magharibi mapema kuliko inavyotokea, hasa vizuizi vya Ulaya. Kwa hiyo utabiri ukisema kizuizi kinavunjika baada ya siku 10, nasubiri useme hivyo tena kesho na keshokutwa tarehe ikiwa ileile. Kama tarehe ya kuvunjika nayo inasogea mbele kila siku, hakijavunjika.

Weka daftari. Andika tarehe ya kuanza, longitudo ya katikati ya mgongo, mkengeuko wa siku 5, indeksi, upepo wa hektopaskali 10, na kila Jumatatu ongeza mstari. Ukisoma kipupwe cha 1962 na 1963, ambacho kwa England ya kati wastani wake ulikuwa nyuzi -0.3 na hakuna kilichokizidi kwa baridi tangu 1740, utaona kwamba ndani yake kulikuwa na siku za nafuu, kilianza na baridi ya Desemba 26 hivi na kikashikilia hadi mwanzoni mwa Machi lakini hakikuwa ramani moja iliyoganda. Ndo maana kuamua mwisho ni kugumu. Februari 2014 mgongo wa Pasifiki uliachia siku chache, mvua kubwa ikaingia kaskazini mwa California, wengi wakasema basi yameisha, ukarudi, na ukaendelea kurudi hadi mwaka 2015. Kanuni ninayoitumia ni hii: mgongo ukivunjika anza kuhesabu, ukirudi ndani ya siku 10 umbali usiozidi nyuzi 20 za longitudo kutoka ulipokuwa, naendelea na mstari uleule kwenye daftari, ukizidi hapo nafungua ukurasa mpya.